Kizibo cha Mrindoko

Mshika kizibo si mwenye maji.

Ndiyo, nimesema, na yule bwana mwenye ufunguo wa bomba akirudi kutoka huko anakokunywa chai nitamwambia tena, usoni, mbele ya ndoo zote hizi. Ninyi mnacheka nini? Mko kwenye foleni tangu alfajiri, bomba lina kufuli, mnacheka! Haya, kalieni ndoo zenu. Mmeniuliza methali hiyo imetoka wapi, nami leo sina pa kwenda. Imetoka papa hapa, kwenye milima hii ya Upare, na wala haikutoka kwa mzee mwenye busara. Ilitoka kwa mwanamke mwenye hasira, na chanzo chake ni hiki.

Zamani hizo mahindi yalikuwa hayajafika huku. Watu walikula ulezi, magimbi na kunde, na mvua ilikuwa ya kubahatisha kama ilivyo leo. Lakini watu wa Ikongwe hawakukaa kuitazama mbingu. Waliukamata mto mdogo huko juu, wakauchepusha kwa mfereji uliopita ubavuni mwa mlima, wakayaleta maji mpaka kwenye ndiva. Ndiva ni bwawa, kwa ninyi mliokulia mjini: shimo pana lililokingwa kwa ukuta wa mawe na udongo. Mto ule ulikuwa mwembamba. Ukiupeleka shambani moja kwa moja, ardhi inaunywa wote kabla haujafika popote. Kwa hiyo maji yalilala ndiva hadi yakajaa, na asubuhi yakafunguliwa kwa mkupuo mmoja, yakaenda na nguvu zake.

Chini ya ukuta palikuwa na tundu, na tundu lile lilizibwa kwa kizibo. Kilikuwa gogo refu lililochongwa mfano wa mchi, ncha yake imefungwa maganda ya mgomba, kichwa chake kimetokeza juu ya maji. Ukitaka maji unakitikisa, unakivuta, basi. Jioni unakirudisha. Hakuna uganga hapo.

Na sheria zilikuwa mbili tu. Ya kwanza, asiyekuja msaragambo hapati maji. Msaragambo ni kazi ya wote: pembe ikilia unatoka na jembe lako, unazoa tope, unabeba mawe, huulizi ukuta ni wa nani. Ya pili, mkia kwanza. Shamba lililo mbali kuliko yote ndilo lililoanza kupata maji, kisha linalofuata, hivyo hivyo mpaka kwenye shamba lililo mlangoni mwa ndiva. Kwa nini? Kwa sababu wa karibu akianza, wa mbali ataambulia unyevu wa kulamba. Wale watu hawakuwa wajinga.

Shamba la mkiani lilikuwa la Nakijwa. Lilikuwa ngazi tano za ulezi zilizoshuka mlimani, kila ngazi imezuiwa kwa mawe. Nakijwa alikuwa mjane mwenye watoto wawili, na mumewe hakufa kwa homa wala kwa uzee. Alifia kwenye ndiva, siku ya msaragambo, jiwe lilipoteleza likambana kifua. Kesho yake watu walilichukua jiwe lile lile wakalipachika mahali pake, maana ukuta haungoji matanga. Nakijwa hakuwalaumu. Lakini kila alipopita pale alilijua jiwe ni lipi, la tatu kutoka tunduni, na alilipapasa kwa kiganja kama mtu anayemwamkia mtu.

Mshika kizibo alikuwa Mrindoko. Baba yake alikishika, babu yake alikishika, na kwa kuwa kizibo kilikaa ukoo mmoja muda mrefu, watu walianza kukiogopa. Ikasemwa akikigusa mtu wa ukoo mwingine, mto utakauka. Nani alisema? Hakuna ajuaye. Mwoga mmoja alisema, waoga wengine wakaitikia.

Mwanzoni Mrindoko alifungua kila asubuhi kama ilivyompasa. Kisha mtu mmoja akampelekea kibuyu cha pombe, kwa wema tu, akapewa maji mengi zaidi ya zamu yake. Wa pili akaona. Kufika mavuno, hakuna aliyekwenda kwa Mrindoko mikono mitupu. Halafu pombe nayo ikawa haitoshi, ikawa unamlimia kwanza yeye ndipo upewe maji. Na ile sheria ya mkia kwanza ikageuzwa juu chini: shamba la magimbi la Mrindoko, lililokuwa mlangoni mwa ndiva, likawa ndilo linaloanza. Wenye shamba la mkiani wakawa wanaambiwa, "Mkia usubiri." Watu walinung'unika majumbani mwao. Mbele yake waliinamisha vichwa wakasema ahsante baba.

Mwaka ule jua lilikuwa kali, na ulezi wa Nakijwa ulikuwa ndiyo kwanza unatoa masuke. Ninyi hamlimi, lakini mjue hili: ulezi unaotoa masuke ukikosa maji siku ishirini, unabaki na makapi. Na chakula cha Nakijwa na wanawe cha mwaka mzima kilikuwa kwenye ngazi zile tano. Hapakuwa na ghala jingine.

Zamu yake ilifika kila siku ya tano. Ya kwanza alirukwa. Alipokwenda kuuliza, Mrindoko alimwambia, "Maji yalilala vibaya, hayakujaa." Zamu ya pili akamwambia, "Mama, sijakuona shambani kwangu. Wenzako wote wamekuja kupalilia. Palilia siku tatu, tuone."

"Nikipalilia kwako siku tatu, kwangu atapalilia nani?"

"Hilo mimi silijui."

Nakijwa akarudi nyumbani na hasira zake. Shemeji yake Sekiete, mdogo wa marehemu, alikuja kumtuliza. "Shemeji, kapalilie tu. Siku tatu ni nini? Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Nimeubusu, Sekiete. Mwaka jana nilipeleka pombe. Juzi juzi nilipeleka kuku. Sasa nimechoka kubusu."

Zamu ya tatu ilipofika, Nakijwa aliamka alfajiri akachukua jembe akapanda mpaka ndiva. Masuke ya ngazi za chini yalikuwa yamekwisha kupauka. Akawakuta watu kumi na kitu wamesimama ukingoni, kila mtu na kibuyu chake cha kumpendeza Mrindoko, na Bibi Nanzighe, mkongwe kuliko wote pale, amekaa juu ya ukuta. Ndiva ilikuwa imejaa mpaka juu. Mrindoko alikuwa amekwisha kukivuta kizibo, na maji yalikuwa yanakimbilia kwenye magimbi yake.

"Leo ni zamu yangu," akasema Nakijwa.

"Mkia usubiri."

"Nimesubiri siku kumi na tano."

"Na utasubiri zaidi kama hujui adabu. Mwanamke unakuja na jembe mkononi, unanisimamia kichwani! Maji yangu nampa nimtakaye."

Loo! Neno lilikuwa limetoka. Miaka yote ile, pamoja na ulafi wake, Mrindoko hakuwahi kutamka "maji yangu". Alisema maji yamelala vibaya, maji hayatoshi, mizimu imekataa. Siku ile ulimi ukateleza, na kila mtu akasikia. Hata wenye vibuyu vya pombe waliinua vichwa.

"Umesemaje?" akauliza Bibi Nanzighe kutoka ukutani.

"Nimesema nilivyosema."

"Yako? Yametoka kwenye chungu chako? Mrindoko, mimi nilikuwa msichana babu yako alipopewa kizibo hicho. Unajua kwa nini alipewa yeye? Wewe unadhani aliota ndoto? Alikuwa na kikohozi! Alikuwa hapati usingizi, nyumba yake ilikuwa karibu, basi watu wakasema mzee huyu yuko macho kila alfajiri, na atufungulie maji. Ndiyo uchifu wenu huo. Kikohozi!"

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Mrindoko alibadilika uso. Akakichomeka kizibo tunduni kwa nguvu mpaka maji yakaruka, akasimama kukilinda, mikono kiunoni. "Basi leo hapati mtu yeyote. Na atakayekigusa kizibo hiki, mto ukauke na watoto wake wakauke!"

Watu walirudi nyuma. Nakijwa hakurudi. Alitazama lile jiwe la tatu kutoka tunduni, na machozi yakamtoka, ya hasira, si ya kitu kingine.

"Mume wangu yuko kwenye ukuta huu," akasema. "Alikuja hapa pembe ilipolia, hakuuliza maji ni ya nani. Kumbe alikufa akikujengea wewe. Haya, Mrindoko, sikigusi kizibo chako. Maji ni yako. Lakini kama maji ni yako, na tope ni lako. Na mawe ni yako, na mfereji ni wako kuanzia mtoni hadi hapa. Uzoe, ujenge, uzibue, peke yako. Jembe langu hutaliona tena hapa."

Akateremka mlimani. Nyuma yake Bibi Nanzighe akashuka ukutani polepole akamfuata, na baada ya bibi, mtu mmoja akamwaga pombe yake chini akafuata.

Sasa mnadhani mambo yalikwisha hapo? Ng'o. Ulezi hauli maneno. Nakijwa alifika shambani na bado hana maji. Alichukua vibuyu akaanza kuteka mtoni, safari baada ya safari, bonde hadi ngazi, yeye na wanawe. Maji ya kibuyu kwenye ulezi ni sawa na kumpa punje tembo. Akaona hataweza ngazi tano. Ikabidi achague. Akaziacha tatu za chini zife, akazishika mbili za juu. Kila alipopita kwenye zile tatu alifumba macho, maana kuchagua shamba gani life ni kazi mbaya, na aliyestahili kuifanya kazi ile hakuwa yeye.

Siku ya nne ikanyesha huko milimani, mvua ya vurugu isiyofika mashambani, na mfereji ukashusha tope jekundu kwenye ndiva. Mrindoko akapiga pembe. Akapiga tena. Majirani walitoka, wakasimama milangoni, majembe mikononi kwa mazoea. Wakatazamana. Hakuna aliyepanda.

Jioni ile Sekiete akaja mbio kwa Nakijwa. "Shemeji, tope likikauka mle ndani ndiva imekufa. Tutakufa njaa sote kwa sababu ya hasira zako."

"Hasira zangu?" Nakijwa akaitupa kata ya maji chini. "Mimi ndiye niliyekula pombe zenu? Mimi nilisema maji ni yangu? Wewe ni ndugu ya mume wangu, Sekiete, na siku ile pale ndiva ulitazama vidole vya miguu yako! Mnaogopa njaa? Mimi njaa imekwisha kunikuta, karibuni. Ila mto bado uko pale pale. Mto haujui kama kuna Mrindoko. Kama mnataka maji, shikeni majembe mnifuate. Kama hamtaki, kabusuni mkono."

Sekiete akaondoka. Asubuhi akaja, na jembe. Na nyuma yake watu ishirini.

Walichagua genge, mahali pa bapa penye mteremko chini yake, lililokuwa juu ya shamba la Nakijwa, upande wa pili wa mlima. Wakachimba ndiva mpya, wakajenga ukuta, wakakanyaga udongo kwa miguu mpaka visigino vikapasuka. Siku tisa. Kisha wakauziba mfereji wa zamani wakayageuza maji yaende kule. Ilipofika kuchonga kizibo, kila mtu akarudi nyuma kama kawaida yao, nani achonge, nani akishike, mto usije ukakauka. Bibi Nanzighe akatukana kwanza, tusi ambalo sitawaambia. Kisha akaokota tawi mwenyewe.

"Chongeni hili," akasema. "Na atashika kila mtu siku yake. Sheria za zamani zote mbili zinabaki, msaragambo na mkia kwanza. Naongeza moja. Siku unayoshika kizibo, maji si yako. Shamba lako halipati hata tone siku hiyo. Utafungua kwa ajili ya mwenzako, utaangalia yakienda kwa mwenzako, ujue uchungu wake."

Mrindoko huko kwake alikuwa amebaki na tope lake. Alijaribu kulizoa siku mbili, mtu mmoja kwenye ndiva ya watu mia. Siku ya tatu alikuta limekauka ngumu, limekibana kizibo kwenye tundu. Alikivuta, alikitikisa, alikitukana. Kikakatika, nusu ikabaki tunduni, nusu mkononi mwake. Magimbi yake yakaanza kuwa na majani ya manjano.

Pembe ya ndiva mpya ilipolia kwa msaragambo wa kwanza, Mrindoko akaja na jembe. Alisimama kwenye tope kiunoni tangu asubuhi mpaka jua kuzama, akazoa kama wengine. Hakuna aliyemwambia pole, hakuna aliyempa uji. Lakini alikuwa amekuja msaragambo, na sheria ni sheria.

Sasa sikilizeni vizuri, maana uchungu wa methali hii uko hapa. Ndiva ya kwanza ilikuwa mlangoni kwa Mrindoko, na Nakijwa alikuwa mkiani. Ndiva mpya ilikuwa juu ya Nakijwa, upande wa pili. Ukiifuata mifereji yote mpaka mwisho kabisa, shamba la mkiani sasa lilikuwa la nani? La Mrindoko. Na mkia kwanza! Na siku ya kwanza ya kufungua, zamu ya kushika kizibo ilimwangukia nani? Nakijwa mwenyewe.

Alisimama ukingoni asubuhi ile, mkono juu ya kichwa cha kizibo kipya. Ndiva imejaa pomoni. Chini ya miguu yake aliziona ngazi zake mbili zilizobaki, masuke yameinama kwa kiu, karibu kiasi kwamba angeweza kuyatemea mate. Chini zaidi ziko zile tatu, nyeupe, makapi matupu. Na mbele yake amesimama Mrindoko, ameshika kibuyu.

"Nimekuja kwa maji," akasema. "Nimekuletea kidogo, mama. Pombe ya ulezi."

Lo, afadhali asingekuja na kitu! Nakijwa alikitazama kile kibuyu. Watu wote waliona mkono wake ukibana kizibo. Alitaka kusema mkia usubiri. Alitaka kumwambia palilia kwangu siku tatu. Alitaka kumwambia maji yamelala vibaya. Na chini ya maneno yote hayo palikuwa na neno moja, alilihisi likipanda kooni, likagusa meno: yangu. Maji yangu, genge langu, uchungu wangu, nampa nimtakaye. Lilikuwa neno tamu. Hapo ndipo akajua Mrindoko alilitoa wapi, na akaogopa.

"Kibuyu hicho kimwage," akasema.

Mrindoko akasita.

"Kimwage!" Sauti yake ilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. "Sijakusamehe. Ngazi zangu tatu zimekufa, na hakuna utakachonipa. Nikikuona nasikia kichefuchefu. Lakini wewe ndiye mkia, umezoa tope, na leo ni zamu yako. Nenda kasimame shambani kwako, maji yanakuja. Mshika kizibo si mwenye maji."

Akakivuta. Maji yakatoka kwa kishindo, yakapita pembeni mwa ulezi wake bila kuingia, yakazunguka mlima kwenda kwenye magimbi ya Mrindoko. Nakijwa alikaa ukingoni siku nzima akiyatazama yakipita, analia na kulaani, na mara mbili Sekiete alimwona ameinuka na jembe kama anayetaka kuyakata yaje kwake. Mara mbili akakaa. Zamu yake ilifika siku ya tano, na mwaka ule alivuna ngazi mbili. Yeye na wanawe walikula mlo mmoja kwa siku hadi mavuno mengine. Hakumwamkia Mrindoko maisha yake yote, lakini hakumruka zamu hata mara moja.

Huyo hapo, anakuja. Mtazameni anavyozungusha ufunguo kidoleni, ameshiba maandazi. Bomba hili mtaro wake mliuchimba ninyi na baba zenu, mawe tulibeba sisi kina mama, na yeye anatuambia subirini. Simameni. Na mmoja wenu akija kukabidhiwa ufunguo huo, nami niko hai, nitakuja kusimama mlangoni kwake kila siku kumkumbusha. Haya, inueni ndoo, tumwambie wote kwa pamoja, na asikie vizuri:

Mshika kizibo si mwenye maji!